Kudhibiti au kuzuia usanisi wa protini?

Swali: Mimi ni mwalimu wa baiolojia, Kigoma. Katika somo la kuzeeka kwa seli na saratani, mwenzangu ameandika "kuzuia utengenezaji wa protini", nami "kudhibiti usanisi wa protini". Nani amekosea?

Jibu: Mwalimu, neno lako ndilo linaloeleza yanayotokea mwilini, na tofauti ya maneno haya mawili watu wa Kigoma wanaijua kwa kuiishi. Mwaka 2024, uvuvi uliposimamishwa katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, wavuvi walizuiwa. Lakini wanapoelekezwa ukubwa wa matundu ya nyavu kisha wakaachwa wavue, uvuvi wao unadhibitiwa. Kuzuia ni kukifanya kitu kisitendeke. Kudhibiti ni kukishika barabara kisipite kipimo, na ndiyo maana kitenzi hiki kina asili moja ya Kiarabu na neno "madhubuti".

Seli haiwezi kuishi bila kusanisi protini. Ribosomu zake huunganisha asidi amino ziwe protini, na kimeng'enya kiitwacho mTOR huichochea kazi hiyo virutubishi vinapokuwa tele. Vikipungua, nacho hulegea na kasi ya usanisi hushuka. Katika saratani nyingi mTOR huchochewa kupita kiasi, seli zikapata protini za kukua na kugawanyika bila mpaka, na hapo kilichokosekana ni udhibiti. Kuhusu kuzeeka, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba panya wa maabara walioanza kulishwa rapamisini, dawa inayozuia mTOR, wakiwa na umri wa siku 600 waliishi muda mrefu kuliko wenzao wasioipata. Kama usanisi wao wa protini ungalizuiwa, panya hao wangalikufa.

Hata hivyo, mwenzako asilitupe neno lake, kwani rapamisini huzuia utendaji wa mTOR na kwa njia hiyo usanisi hupunguzwa kasi. Kinachozuiwa ni kimeng'enya, kinachodhibitiwa ni usanisi. "Utengenezaji" nao si kosa, ila darasani napendelea "usanisi", kwa kuwa wanafunzi wamekwisha kulizoea katika "usanisinuru".

Unaposahihisha madaftari, iangalie pia sauti "dh". Kuthibiti ni kuwa na hakika isiyo shaka, kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "mTOR huthibiti usanisi" amesema jambo jingine kabisa.