Korespondenti anayetumwa kwenye maandamano Kenya: panga haya kabla ya kutoka

Mwenzetu ameuliza ajiandae vipi kupiga picha za maandamano, naye hajaajiriwa, hulipwa kwa kila stori.

Anza na mhariri, vifaa baadaye. Akuandikie ujumbe unaosema amekutuma wapi, siku gani, na nani atalipa hospitali ukiumia. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, ile WIBA, humlinda mwajiriwa. Wewe wa stori moja moja unaachwa nje, na pasipo maandishi kampuni inaweza kukukana kabisa. Hili huwaumiza makorespondenti wa kaunti kuliko gesi ya kutoa machozi, na wahariri wanalijua.

Jaketi la PRESS linakutambulisha tu. Fulana ya kinga ya kiwango cha IIIA huzuia risasi ya bastola. Ya bunduki kubwa kama AK-47 au G3 inapenya, labda uongeze vibao vigumu mbele na nyuma. Na miguu inabaki wazi: Julai 2024 mwanahabari wa runinga alipigwa risasi mguuni kule Nakuru. Kwa hiyo beba mkanda wa kuzuia damu. Ufunge sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, lakini si kwenye goti lenyewe, ukaze mpaka damu ikome, uandike saa. Wengi hulegeza kwa sababu mgonjwa analia kwa maumivu, damu ikaanza tena.

Simama pembeni karibu na kichochoro cha kutokea, kamwe si katikati ya polisi na waandamanaji. Lenzi za machoni ziache nyumbani, maana gesi hunasa chini yake. Ikikupata usisugue, osha kwa maji safi mengi.

Simu ifungwe kwa PIN, si kidole, na picha zitumwe ofisini kila upatapo mtandao. Namba ya wakili iandike mkononi kwa kalamu, kwani simu ndiyo huchukuliwa kwanza. Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Ukikamatwa Ijumaa jioni muda huo husogea hadi siku ya korti inayofuata, ndiyo maana wakili adai dhamana ya polisi usiku huohuo.

Ukijeruhiwa, chukua nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi) na P3, fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha, daktari aijaze, ubaki na nakala. Kituo kikikataa kuandika malalamiko dhidi ya askari wao, nenda IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi; hupokea moja kwa moja kutoka kwa raia.