Mbawakawa wangu walioonekana Hispania: kwa mnaoanza kurekodi wadudu Kilimanjaro

Mwaka wangu wa kwanza wa kurekodi mbawakawa niliwapeleka Hispania. Nilikusanya arobaini na kitu pembezoni mwa Moshi, nikajaza jedwali kwa mbwembwe zote, nikalituma. Siku chache baadaye aliyekuwa akilihakiki akaniuliza kwa upole kama nimewahi kufika Granada. Nilikuwa nimegeuza safu mbili, latitudo nimeiweka kwa longitudo. Viwianishi vya Moshi, yaani namba za kuonyesha mahali kwenye ramani, ni kama -3.35 na 37.34. Vigeuze, na unatua kusini mwa Hispania, kaskazini-mashariki ya mji wa Granada. Mwenzangu mmoja alinicheka sana, kisha naye akasahau alama ya kutoa mbele ya ile 3. Wa kwake walivuka Ikweta wakaangukia karibu na North Horr, kule kwenye jangwa la Chalbi, Kenya.

Wadogo zangu, kila anayeanza kazi hii swali lake la kwanza ni hilohilo: "Nitajuaje jina lake?" Jina lina wenyewe, nalo linaweza kusubiri hata miaka ishirini. Mbawakawa aliyekaushwa vizuri kwenye pini hana haraka. Kisichosubiri ni mahali na siku. Ukipanda daladala kurudi mjini hujaandika ulimtoa wapi, hakuna mtaalamu duniani atakayekurudishia.

Na mahali penyewe pana ujanja wake. Mwaka 1905 na 1906 Msweden Yngve Sjöstedt alizunguka Kilimanjaro na Meru akikusanya wanyama, wadudu wakiwa wengi mno. Kwenye lebo zake kuna neno "Kibonoto". Mtu wa Siha akilisoma anacheka tu: ni Kibong'oto. Asiyejua huku atahangaika na ramani mpaka jioni. Hilo ni la tahajia, lina nafuu. Gumu ni lebo ya zama zilezile inayosema "Moschi". Msikimbilie kuweka nukta kwenye mnara wa saa wa mjini! Moshi ya wakati huo ilikuwa ile tunayoiita leo Old Moshi, mlimani. Mji ulishuka huku tambarare baada ya reli ya Tanga kufika mwaka 1911. Kati ya Moshi hizo mbili kuna mamia ya mita za mwinuko, na kwa mbawakawa huo ni ulimwengu mwingine kabisa.

Msidhani ni mambo ya enzi za Wajerumani tu. Lebo ya mwaka 1998 iliyoandikwa "Mkoa wa Arusha" inaweza kuwa ya Babati au ya Kiteto, kwa sababu Manyara ilimegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Wilaya nazo zinagawanywa, kata zinabadilishwa majina. Ndiyo maana nawasisitiza muandike vyote: kijiji, kata, wilaya, mkoa, mwinuko na viwianishi. Kimoja kikihama, kingine kitabaki kukushuhudia. Na "Kilimanjaro" peke yake usiiandike kamwe. Ni mlima, ni mkoa, ni hifadhi, na kwa baadhi ya watu ni bia.

Kuhusu namba za viwianishi. Desimali mbili zinakufikisha karibu na mahali kwa kama kilometa moja na mita mia, nne kwa kama mita kumi na moja. Kilometa moja pale Kahe si kitu, utakuwa bado kwenye mashamba yaleyale. Kilometa moja Kibosho juu inaweza kukutoa kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, na kukuingiza msituni. Kwa hiyo andika desimali nne au tano, kisha, na hapa ndipo wengi wanaporuka, andika kiasi cha kosa: mita 10, mita 500, kilometa 2. Kama ulikumbuka mahali ukiwa nyumbani ukachomeka nukta kwa kukisia, sema hivyo, si aibu. Aibu ni namba yenye desimali sita iliyotokana na kukisia. Ukitumia ramani za karatasi za zamani, jua kwamba nyingi zilichorwa kwa mfumo wa viwianishi uitwao Arc 1960 wakati simu yako inatumia WGS84. Kwa huku kwetu mifumo hiyo inapishana kama mita 300, kwa hiyo taja umetumia upi.

Sasa twende kihambani, maana ndiko nilikojifunza zaidi. Kihamba ni nyumbani kwa watu. Piga hodi, salimia, kaa, eleza. Ukionekana unachungulia chini ya migomba ya mtu bila salamu, hata mimi nitakuitia mwenyekiti wa kitongoji. Ukishakaribishwa, omba shina la mgomba uliokwisha kukatwa mkungu. Lipasue kwa urefu, lilaze upande uliopasuliwa ukiangalia chini, urudi baada ya siku mbili tatu. Fukusi wa migomba, Cosmopolites sordidus, atakuwa amejikunyata hapo chini, mweusi, mwenye pua ndefu. Ukimgusa anajifanya amekufa. Usimtupe kwa kudhani ni kipande cha udongo, mimi nimeshawatupa.

Fukusi huyu hapendi baridi, na kadiri unavyopanda mlima ndivyo anavyopungua. Bibi mmoja wa Uru aliniambia hivyo kabla sijausoma mstari wowote juu yake: "Huku juu hatumjui, huyo ni wa chini." Nikapasua mashina sita kwenye kihamba chake, nikarudi mara mbili, sikupata kitu. Nilitaka kwenda zangu bila kuandika. Kosa kubwa! Mashina sita, ukaguzi mara mbili, fukusi sifuri: hiyo ni rekodi kamili. Siku fukusi atakapoonekana kwenye kihamba kile, na joto linavyopanda sishangai hata kidogo, ile sifuri ndiyo itakayosema kwamba amepanda. Bila sifuri, nafasi tupu kwenye ramani inaweza kuwa na maana kwamba hayupo, au kwamba hakuna aliyewahi kwenda kutazama. Kwa hiyo kila safari andika pia juhudi: mitego mingapi, saa ngapi, watu wangapi.

Sokoni ni habari nyingine. Ukikuta dumuzi ndani ya gunia la mahindi pale Mbuyuni, umempata Moshi, lakini si lazima awe wa Moshi. Muulize mwenye gunia mzigo umetoka wapi. Huenda ni Kiteto, huenda ni Kibaigwa. Andika vyote viwili, alipopatikana na mzigo ulikotoka. Dumuzi mwenyewe, ambaye wakulima wengine wanamwita Scania, si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa nchini alitambuliwa Tabora mwaka 1981, akasafiri na mahindi mpaka kila mtu akamjua. Tunaifahamu njia yake kwa sababu kila alikofika kuna aliyeandika.

Kuhusu majina nitasema kidogo tu. Mbawakawa waliokwisha kupewa majina duniani ni takribani 400,000. Kundi la Onthophagus peke yake, wale wadogo wa kwenye mavi ya ng'ombe, lina zaidi ya aina 2,000. Ukiandika "Onthophagus sp.", yaani kundi unalijua ila aina bado, umefanya kazi ya heshima. Ukibandika jina la aina kwa sababu picha ya mtandaoni inafanana, umempa mwenzako kazi ya kukufuta. Hata fukusi wa mahindi na wa mchele, Sitophilus zeamais na Sitophilus oryzae, hawatofautishwi kwa uhakika mpaka uwapasue chini ya darubini. Piga picha ya juu, ya ubavuni, ya usoni na ya tumboni, kisha mhifadhi mdudu.

Andika lebo kwa penseli, kwa sababu spiriti inafuta wino wa kalamu. Lebo ikae ndani ya kichupa pamoja na mdudu. Ya kwenye kifuniko itabadilishana na kifuniko cha jirani, nawaapia. Mwezi uandike kwa namba za Kirumi, 5.xi.2024, maana 5/11 mwingine ataisoma Mei.

Kibali. Tangu mwaka 2005 ule msitu ulio juu ya vijiji vyetu uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ingawa wazee wengi bado wanauita msitu wa serikali tu. Usiokote humo hata bawa bila ruhusa. Utafiti unapitia COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), na ofisi za TAWIRI ziko hapo Arusha, kwa hiyo anza mapema kuliko unavyofikiri. Wakati unasubiri, kuna vihamba, kuna mashamba ya tambarare, kuna uani kwenu.

Ukikusanya rekodi zako za mwaka mzima kwenye ramani, usishangae zikichora barabara ya Marangu na ile ya Machame. Mbawakawa hawapendi lami, sisi ndio tunaopenda kushuka kwenye boda mahali pakavu. Siku hizi kila mwezi nachagua kijiji kimoja ambacho ramani yangu ni nyeupe, naenda huko hata kama sina hamu. Mwezi huu ni Kirua Vunjo, upande wa chini. Nina shuka jeupe, taa na ndizi mbivu zilizochachuka kwa ajili ya wale wapenda matunda, na nangoja mvua ya kwanza ya vuli, maana usiku wake mbawakawa hutoka ardhini kwa wingi. Anayetaka kuja alete penseli yake.