Jibu: Estrojeni hasi, projesteroni chanya na HER2 ya 2+ kwenye ripoti ya mama

Salaam, ndugu. Unauliza maana ya ripoti ya uvimbe wa titi la mama, ambayo inaonyesha kipokezi (protini ya seli inayonasa homoni) cha estrojeni ni hasi, cha projesteroni ni asilimia 60, HER2 (protini inayochochea seli kukua) ni 2+ na Ki-67 (alama ya seli zinazogawanyika) ni asilimia 18.

Nimeandaa slaidi za aina hii (vioo vyenye vipande vyembamba vya uvimbe) kwa miaka kadhaa, na cha kwanza ninachokitilia shaka ni hiyo estrojeni, kwa kuwa ni nadra sana projesteroni kuwa juu hivyo huku estrojeni ikiwa hasi. Mwombe daktari aulize maabara kama mirija ya maziwa ya kawaida iliyo kando ya uvimbe, kwenye slaidi hiyohiyo, ilipata katika viini vya seli rangi ya kahawia inayoonyesha kipokezi cha estrojeni kipo. Mirija hiyo huwa na kipokezi hicho, hivyo kama haikupata rangi, kipimo kirudiwe. Aulize pia kipande kilikaa saa ngapi kwenye formalini (kimiminika cha kuhifadhi vipande vya mwili), maana kinatakiwa kukaa kati ya saa 6 na 72. Niliwahi kupokea kipande kilichosafiri kwa basi mchana kutwa ndani ya maji ya chumvi, na majibu yake hayakufaa kitu.

HER2 ya 2+ si chanya wala hasi, hivyo kipimo cha jeni kiitwacho FISH kinahitajika kabla ya kuamua kuhusu trastuzumabu, dawa inayolenga HER2. Ki-67 ya 18 iko katikati, ambapo wasomaji wawili wa slaidi moja hutofautiana, nisingeiegemea.

Kuhusu muda wa kuishi, siwezi kukisia kwa namba hizi pekee, kwani hukutaja ukubwa wa uvimbe wala hali ya tezi za kwapani.