Serotonini sio hadithi yote
Watu wanaposema sonona (depression, ule ugonjwa wa huzuni nzito) ni serotonini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo, kupungua kichwani basi, hiyo ni nusu tu ya hadithi aisee. Angalia hivi, vidonge vya sonona kama fluoksetini vinagusa serotonini ndani ya masaa lakini mtu anaanza kuona nafuu baada ya wiki kadhaa, sasa kama shida ingekuwa kiwango tu si angepona siku hiyohiyo? Ndo maana watafiti wengi saizi wanaangalia jinsi seli za neva zinavyojenga viungio vipya, na hiyo kazi inataka muda.

Halafu kuna ketamini, hii ya nusu kaputi ya siku nyingi, yenyewe inapitia kwenye glutamati (kemikali nyingine ya ubongo) na wengine wanapata nafuu ndani ya masaa tu, mpaka Marekani 2019 wakapitisha ndugu yake esketamini ya kupuliza puani kwa wale ambao dawa nyingine zimegoma (chini ya uangalizi lakini, sio ya kujinunulia).

Jeni nazo zimo, kwenye bipola (ugonjwa wa hisia kupanda sana na kushuka sana) zaidi kuliko sonona, ila hakuna jeni moja ya kulaumu.

Na kama unameza dawa usiache ghafla kisa nadharia ya serotonini imepingwa, nadharia kuyumba haimaanishi dawa haisaidii, ongea na daktari wako kwanza.