Haondoki Barazani, Kitabu Hataki

SWALI: Shangazi, mwanangu ana miaka 13. Akishika hadithi, ukurasa wa pili keshasinzia. Lakini wazee wakipiga soga barazani, hang'oki. Nimpe nini? – Mama wa Langoni, Lamu

JIBU: Mwanangu, huyo si mvivu. Kachoshwa na vitabu vya kumnyooshea kidole. Mtafutie Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha 1960: mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, maiti mzimuni, Kiswahili cha Unguja. Hakikuandikwa kwa watoto hasa, lakini mimi nilikimaliza umri huohuo, darini, kwa tochi ya marehemu baba (betri zilikufa, nikachapwa). Msomee wewe baada ya isha. Ukifika penye utamu, funga, ukageuze mahamri. Kitabu kiache mkekani.