Valvu mbili au nne? Kwa wanaopandisha Newala na mzigo

Msimu wa korosho ukikaribia, vijana wa kijiweni hapa Masasi huniuliza wanunue pikipiki ya valvu mbili au ya valvu nne, yaani vile vizibo vya injini vinavyoingiza hewa na kutoa moshi. Nami huwauliza: utabeba nini, utapita wapi?

Nimekuwa nazo zote. Ya kwanza ilikuwa cc 150, valvu mbili. Gunia la korosho nyuma, gia ya pili, mlima wa Newala naumaliza taratibu bila kuikaba injini. Nikaiuza, nikachukua cc 160 ya valvu nne. Kwenye lami ya kwenda Lindi nilifurahi mno, maana kadiri unavyopiga resi ndivyo inavyozidi kuvuta. Mlimani na mzigo, resi ikishuka kidogo tu inalegea, unarudisha gia tena na tena. Gia zenyewe nazo zinachangia, siwezi kuzitupia valvu lawama zote.

Lakini valvu zina sehemu kubwa. Chukua valvu moja ya kuingiza hewa yenye upana wa milimita 30: mzingo wake ni kama milimita 94. Weka mbili za milimita 24, mizingo inafika 150. Zikinyanyuka kiasi kilekile, mlango wa hewa umeongezeka zaidi ya nusu. Tena ni nyepesi, springi inazirudisha haraka, na plagi inakaa katikati. Hayo yote yana faida injini ikizunguka kwa kasi. Ikizunguka polepole, hewa hupita kwenye mlango mpana kwa uvivu, haichanganyiki vizuri na petroli. Hata Yamaha, waliofikisha valvu tano kwa silinda kwenye FZ750 ya 1985, walirudi kwenye nne katika R1 ya 2007.

Kilichoniumiza zaidi kwenye hiyo ya valvu nne ni tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu, ambavyo huachiwa nafasi ndogo ili valvu zifunge kabisa. Fundi mmoja alizibana kwa kukisia ili kelele ziishe. Kelele ziliisha kweli, ila valvu ya ekzosi ikawa haikai sawasawa kwenye kiti chake, ikaungua. Silinda hedi, yaani kichwa cha injini, ikafunguliwa katikati ya msimu, wenzangu wakisomba korosho kwenda ghalani. Tapeti inayogonga kidogo ina nafuu kuliko iliyobanwa. Zipimwe injini ikiwa imepoa kabisa, kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi hiyo, kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako.

Kwa korosho nimerudi kwenye valvu mbili. Ukitaka ya valvu nne, kwanza muulize fundi wako akuoneshe fila geji yake.