Ya volti au ya wati?

Ndugu, umeuliza uchukue vepu (sigara ya kielektroniki) ya kurekebisha volti au ya wati. Mimi ningechukua ya wati. Angalia: volti 4 kwenye koili (waya unaopasha moto kimiminika) ya omu 1.5 (omu ni kipimo cha ukinzani) ni kama wati 11 tu. Weka koili ya omu 0.5, volti zilezile 4 zinakupa wati 32! Ukisahau kushusha volti, pamba ya ndani ya koili inaungua na utakoma (yalinikuta, siku nzima mdomo unanuka kitambaa kilichoungua). Ya wati ukiiwekea wati 12, yenyewe inapima ukinzani wa koili na kupanga volti. Kama hubadilishi aina ya koili, ya volti inatosha. Vyovyote vile, anza na kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye koili, kisha panda polepole.